Kuukalisha mtambo wa bunduki kwenye mti wake ili risasi zipige mahali pamoja

Bunduki ya bolti, yaani ya komeo la chuma linalofunga nyuma ya mtutu kwa mkono, ambayo ilipiga vizuri mwezi wa Februari, kisha mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea, ikaanza kupeleka risasi pembeni, mara nyingi haina kosa kwenye mtutu wala kwenye darubini. Kosa liko ndani, pale ambapo chuma hukutana na mbao. Mbao hunywa unyevu ikavimba na hukauka ikasinyaa, hata ile ya walnati ambayo viwanda vya Ulaya na Marekani vimeitegemea kwa vizazi vingi, na hata mninga wetu ambao mafundi seremala huusifu kwa kutochezacheza. Mti wa bunduki ukijongea, mtambo uliofungwa juu yake hujongea nao au hupindwa nao, na mtutu hufuata.

Kabla ya kuendelea, tukubaliane maneno. Ninaposema mti wa bunduki ninamaanisha gimba lote la mbao, kuanzia tako linalokaa begani hadi ncha ya mbele chini ya mtutu. Mtambo ni chuma kinachobeba bolti na ambacho mtutu umefungwa ndani yake. Kukalisha ni kuutengenezea mtambo kiti cha epoksi (mchanganyiko wa sehemu mbili unaokauka ukawa mgumu) ndani ya mti, kiti kinacholingana na umbo la chuma kiasi kwamba mtambo ukitolewa na kurudishwa hukaa palepale, na skrubu zikikazwa haupindwi hata kidogo. Wengi hudhani kwamba epoksi inatumika kama gundi ya kuunganisha chuma na mbao. Sivyo. Chuma hakitakiwi kushikana na epoksi hata mahali pamoja. Kinachotafutwa ni mtambo kukaa bila kulazimishwa, na kila hatua nitakayoieleza inatumikia jambo hilo moja.

Tatizo lina pande mbili. Upande wa kwanza ni kupindwa. Mtambo hufungwa kwa skrubu mbili, moja mbele na moja nyuma, na kama sakafu ya mbao ina kilima katikati au imeinama upande mmoja, skrubu zinapokazwa huuvuta mtambo ufuate sakafu hiyo. Mpindo wenyewe ni wa sehemu ndogo sana ya milimita, lakini huwa tofauti kila siku kulingana na unyevu na jinsi skrubu zilivyokazwa, na dakika moja tu ya nyuzi, yaani sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja ya pembe, huhamisha risasi karibu milimita 29 kwenye umbali wa mita 100. Upande wa pili ni teke, yaani msukumo wa bunduki kurudi nyuma inapolia. Chini ya sehemu ya mbele ya mtambo kuna jino nene la chuma ambalo kazi yake ni kuegemea mbao na kulipokea teke hilo kila risasi inapotoka. Katika Mauser iliyopokewa na jeshi la Ujerumani mwaka 1898, ambayo ndiyo mama wa bunduki nyingi za kuwindia, jino hilo ni sehemu ya mtambo wenyewe. Katika Remington 700, iliyotoka mwaka 1962, ni bamba la pekee lililobanwa kati ya mtambo na mtutu. Mbao iliyo nyuma ya jino ikiwa imebonyea, au ikiwa inaligusa kwenye pembe moja tu, mtambo hurudi mahali tofauti baada ya kila mlio.

Kuhakikisha kwamba kosa liko hapo

Usianze kukata mbao kabla ya kuthibitisha. Kagua kwanza vishikizo vya darubini, mdomo wa mtutu na aina ya risasi, kwa sababu nimeona mti ukichimbwa bure ilhali skrubu moja ya darubini ndiyo iliyokuwa imelegea. Kisha pitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na mfereji unamolala ndani ya mti, kuanzia ncha ya mbele kurudi nyuma. Mahali kinapokwama ndipo mbao inapousukuma mtutu.

Jaribio linalonipa uhakika zaidi ni la kidole. Toa bolti, hakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba, mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu, ni tupu, simamisha bunduki kwa tako, kisha weka ncha ya kidole ili nusu yake iguse mtutu na nusu iguse ncha ya mbele ya mti. Kwa mkono mwingine legeza skrubu ya mbele polepole, uikaze tena, uilegeze tena. Kama mtambo umekaa vibaya utasikia chini ya kidole chuma kikitembea, kikipanda au kushuka, kama mtu anayepumua. Ukiwa na geji ya saa yenye sumaku, ifunge kwenye mtutu na ncha yake iguse mbao, na mshale utakuonyesha namba: mwendo usiofikia milimita 0.05 ni mzuri, lakini ukizidi hapo kuna kazi ya kufanya.

Si kila bunduki inafaa kwa kazi hii. Lee-Enfield za zamani, ambazo zilienea Afrika ya Mashariki wakati wa ukoloni, zina mti wa vipande viwili na zina kanuni zao wenyewe za kukalishwa, kwa hiyo maelezo haya hayazihusu. Miti ya plastiki laini iliyo wazi ndani haishikani vizuri na epoksi. Na bunduki ya zamani yenye thamani ya kihistoria, ambayo haijawahi kuguswa, iachwe ilivyo.

Lipo pia suala la sheria. Anayefanya biashara ya kutengeneza silaha za watu Tanzania au Kenya anahitaji leseni ya kazi hiyo. Maelezo haya ni kwa mwenye silaha aliyeimiliki kihalali au kwa fundi aliyesajiliwa, na risasi zote zikae chumba kingine muda wote wa kazi.

Vifaa

Tafuta epoksi iliyochanganywa na unga wa chuma au wa alumini, nzito kama siagi iliyokaa nje ya friji, isiyosinyaa inapokauka, na inayokupa angalau nusu saa ya kufanya kazi kabla haijaanza kushika. Devcon, Marine-Tex na Acraglas ya Brownells ni majina yanayofahamika kwa mafundi wa bunduki. Epoksi ya dakika tano ambayo maduka ya vifaa huuza kwa kuzibia ndoo haifai: hukushikia mikononi kabla mtambo haujatua. Kumbuka pia joto. Kwa kawaida kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza muda wa kazi kwa karibu nusu, kwa hiyo anayefanya kazi hii Dar es Salaam na aifanye alfajiri, huku mwenzake wa Arusha akiwa na nafasi zaidi.

Cha kuzuia epoksi isishike chuma ni nta. Zipo dawa maalumu za kunyunyiza, lakini kiwi ya viatu iliyopakwa mara tatu na kusuguliwa kila mara hadi ing'ae imefanya kazi hiyo kwa mafundi wengi, nami siitumii nyingine. Utahitaji pia plastisini ya watoto, tepu ya umeme, siki, vijiti vya masikio vyenye pamba, mizani ndogo inayosoma gramu, glavu, patasi kali, msasa, na tyubu kuukuu ya baiskeli iliyokatwa vipande virefu vya upana wa vidole viwili. Tengeneza pia skrubu mbili zisizo na vichwa, zenye uzi uleule wa skrubu za bunduki yako, ziwe miongozo ya kushushia mtambo.

Maandalizi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kazi

Vua kila kitu: bolti, triga, magazini, darubini. Ili kujua chuma kinagusa wapi, wazee wa kazi walitumia masizi, nami bado nayatumia. Shika mtambo juu ya moshi wa kibatari hadi upate weusi mwepesi, uushushe kwenye mti, uugonge kidogo kwa nyundo ya mpira na uutoe. Madoa meusi kwenye mbao yatakuonyesha ukweli wote: mara nyingi utakuta doa moja nyuma ya jino, upande wa kushoto tu, na jingine kwenye mkia wa mtambo, yaani ncha yake ya nyuma, huku sehemu kubwa ya mbao ikiwa safi kwa sababu chuma hakijawahi kuifikia.

Chimba mbao sehemu mbili tu: mbele, kuzunguka jino na chini ya duara la mtambo, na nyuma, chini ya mkia. Kina cha milimita 2 hadi 3 kinatosha, kwa sababu epoksi nyembamba sana hupasuka. Usiguse ukingo wa juu unaoonekana kwa nje; ukiuacha mzima, mstari wa epoksi utakuwa mwembamba kama uzi na uzuri wa mti hautapotea. Nyuma kabisa ya mkia, weka tepu mikunjo miwili juu ya chuma ili pabaki nafasi ndogo. Mkia ukiegemea mbao, kila teke huwa ni kabari inayopigwa kwenye shingo ya mti, na bunduki za kaliba kubwa, kama .375 H&H iliyoanza mwaka 1912, zimepasua shingo nyingi kwa njia hiyo.

Ninapendekeza sana nguzo. Hizi ni vibomba vya alumini au chuma, vya kipenyo cha milimita 12 hadi 14, vinavyopita ndani ya mti mahali pa kila skrubu, ili skrubu inapokazwa ibane chuma juu ya chuma badala ya kuiponda mbao. Wazo hili si geni: Mauser wenyewe waliweka kibomba cha chuma kwenye skrubu ya nyuma. Urefu wa nguzo uwe sawasawa na umbali kati ya sehemu ya chini ya mtambo na chuma cha kinga ya triga. Nguzo ya mbele ikiwa fupi mno, sanduku la magazini litabanwa kati ya vyuma viwili na mtambo utapindwa upya, safari hii na chuma badala ya mbao. Hakikisha sanduku lina uhuru wa karibu nusu milimita. Tundu la ndani ya nguzo liwe kubwa kuliko skrubu, ili skrubu isiguse ukuta wake.

Panua mfereji wa mtutu kwa msasa uliozungushiwa bomba hadi pabaki nafasi ya milimita 1.5 au 2 pande zote. Mafundi hawakubaliani kama sehemu ya kwanza ya mtutu, mbele tu ya jino, iachwe huru au iegemezwe. Mimi huiacha huru kwenye mitutu myepesi, na kwenye mitutu mizito huiegemeza milimita 40 za mwanzo, kwa kuwa uzito wake huuvuta mtambo mbele.

Sasa jino lenyewe. Lizungushie tepu ya umeme mikunjo miwili mbele, pembeni na chini, lakini uso wake wa nyuma uache wazi kabisa. Kwa njia hii, kazi ikikauka na tepu ikitolewa, jino litaegemea epoksi kwa nyuma tu, huku pande nyingine zikiwa na nafasi ya unywele. Asiyefanya hivi hupata mtambo usiotoka, au unaotoka kwa kukwangua kiti alichokitengeneza kwa taabu.

Kisha ziba kila tundu, kila mfuo na kila pembe inayoingia ndani ya chuma kwa plastisini, uilainishe kwa kidole hadi ilingane na uso wa chuma: nafasi ya triga, matundu ya pini, matundu ya kutolea gesi, kizuizi cha bolti na nafasi ya magazini. Katika bunduki yangu ya kwanza niliusahau mfuo mmoja mdogo kwenye ubavu wa mtambo. Epoksi iliingia humo ikawa kabari. Nta ilikuwa imefanya kazi yake kila mahali, lakini nta haiwezi kushinda kabari. Niliuweka mtambo pamoja na mti wake kwenye friza usiku mzima ili chuma kisinyae, nikagonga kwa nyundo ya mpira, na ulipotoka uliondoka na kibanzi cha mbao chenye ukubwa wa ukucha. Tangu siku ile huupitisha mtambo wote chini ya taa kali, nikiugeuza taratibu, kabla sijafungua kopo la epoksi.

Paka nta kila chuma: mtambo, mtutu hadi sentimita 20 mbele ya jino, skrubu pamoja na nyuzi zake. Mti kwa nje ufunike kwa tepu ya karatasi. Mwishowe fanya kazi yote mara moja bila epoksi. Zungushia mtutu tepu karibu na ncha ya mti, mikunjo ya kutosha kuushikilia katikati ya mfereji kwa urefu unaotakiwa, shusha mtambo, funga vipande vya tyubu, utazame kama umekaa sawa.

Kumwaga epoksi na kuushusha mtambo

Pima sehemu mbili za epoksi kwa mizani kama maelezo ya kopo yanataja uzito, au kwa ujazo kama yanataja ujazo, kwa sababu vipimo hivyo viwili si sawa. Koroga polepole kwa dakika tatu au nne, ukikwangua kingo na sakafu ya chombo, bila kupiga kama unayepiga mayai, maana hewa inayoingia ndiyo matundu utakayoyaona baadaye.

Anza na pembe iliyo nyuma ya jino. Isukumie epoksi humo kwa kijiti chembamba hadi uone hewa imetoka, kwa kuwa hapo ndipo penye mzigo mkubwa kuliko kote. Kisha tandaza kwenye sakafu ya mbele, halafu chini ya mkia, ukirundika kidogo katikati ili epoksi isambae kutoka ndani kwenda nje mtambo unaposhuka. Paka pia utando mwembamba kwenye jino. Nguzo ziwe mahali pake, nazo zimepakwa epoksi kwa nje.

Shusha mtambo kwa kufuata zile skrubu zisizo na vichwa, ukiusukuma kwa vidole gumba hadi nguzo ziguse chuma na mtutu ulalie tepu yake. Epoksi itapanda kwenye ukingo. Ikipanda pande zote mbili kwa usawa, uliweka ya kutosha. Sasa funga vipande vya tyubu ya baiskeli kuzunguka mtambo na mti, kimoja karibu na jino na kingine kwenye mkia. Vikaze vya kutosha kuushikilia tu. Usifunge kwa skrubu halisi wala kwa jiliwa, kwa sababu mtambo utakaopindwa sasa utakauka ukiwa umepindwa, na kiti ulichokitengeneza kitaunakili mpindo huo kwa uaminifu.

Futa epoksi iliyotoka nje kwa vijiti vya masikio vilivyochovywa kwenye siki. Thina huharibu rangi ya mti. Siki haina madhara hayo. Mabaki kwenye chombo yahifadhi, yatakuambia hali ya epoksi iliyo ndani. Yakifikia ugumu wa mpira mkavu, baada ya saa kadhaa, zungusha zile skrubu za mwongozo nusu mzunguko ili zisishike, kisha acha kila kitu kitulie saa 24 au zaidi. Msumari ukishindwa kuacha alama kwenye mabaki, epoksi imekomaa.

Kuutoa mtambo na kumalizia

Toa vipande vya tyubu na skrubu. Gonga sehemu ya chini ya mtutu kwa nyundo ya mpira, mbele ya mti, mapigo mafupi, hadi usikie mlio mkavu wa kitu kinachoachia. Inua mtambo moja kwa moja kwenda juu. Ukiuyumbisha utavunja kingo. Toa tepu na plastisini, safisha nta, na usitazame kiti kwa haraka. Vitundu vidogo vya hewa sakafuni havina neno. Tundu lililo nyuma ya jino lijazwe kwa epoksi mpya na mtambo urudishwe tena.

Panua matundu ya skrubu kwa drili hadi skrubu zipite bila kugusa chochote, kwa sababu teke ni la jino, skrubu ni za kushikilia tu. Kata epoksi yoyote iliyoingia njia ya triga. Hili ni jambo la usalama: triga inayosugua epoksi inaweza kukosa kurudi mahali pake. Rudisha triga na bolti, jaribu kizuizi cha usalama mara nyingi bunduki ikiwa tupu, na uhakikishe mkono wa bolti ukifungwa hauegemei mbao. Halafu paka vanishi au mafuta ya mbao ndani yote iliyobaki wazi, pamoja na mwisho wa tako chini ya mpira wake, mahali ambapo viwanda vingi huacha mbao bila kinga na unyevu huingia kwa urahisi.

Unapofunga, simamisha bunduki kwa tako na uligonge sakafuni mara moja au mbili ili jino liegemee kiti chake, ndipo ukaze skrubu ya mbele, kisha ya nyuma. Kwa skrubu za robo inchi, mti wa mbao usio na nguzo utosheke na nyutoni-mita 4 hadi 4.5, wenye nguzo huvumilia hadi 7. Kama kuna skrubu ya katikati, iguswe tu, isikazwe. Rudia jaribio la kidole au la geji. Ukilegeza skrubu na mtutu ukatulia kama haukuambiwa kitu, kiti ni kizuri.

Nenda kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, ukiwa na risasi zilezile ulizopimia kabla ya kazi. Weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, piga makundi matatu ya risasi tano kwenye mita 100, ukiuacha mtutu upoe kati ya kundi na kundi. Kundi moja zuri halithibitishi lolote. Hifadhi karatasi hizo za shabaha, uandike juu yake tarehe na nguvu uliyokazia skrubu, na namba hiyohiyo iandike kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya mti, chini ya mpira wa tako. Masika yajayo, pitisha tena ile karatasi kati ya mtutu na mfereji.